"Nimeambiwa hadithi si elimu": je, niiache niandike tasnifu?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa tatu, nasomea ualimu wa Kiswahili na Historia katika chuo kimoja hapa Kampala. Tangu nikiwa sekondari naandika hadithi fupi. Ya karibuni inamhusu jajja yangu, yaani bibi yangu, mzaliwa wa Luweero, ambaye sasa anakaa nasi Busia. Kiswahili chote tunachosema dukani anakielewa, lakini hajawahi kukijibu. Ukimsemesha Kiswahili atakujibu kwa Luganda, au atanyamaza. Nilimwonyesha msimamizi wangu hadithi hiyo. Akasema hadithi si elimu, niiweke kando nichague mada ya maana ya tasnifu, na akanipa "Umuhimu wa Kiswahili katika Afrika Mashariki". Mwenzangu naye ameniambia nitoe maneno yote ya Luganda. Je, niache hadithi mpaka nihitimu? Na nikiendelea, ni nani hapa Uganda atakayesoma hadithi ya Kiswahili?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hadithi usiiache, na tasnifu usiiogope.

Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale: jajja anaelewa kila kitu lakini hajibu. Nimefundisha Kiswahili na fasihi katika nchi hii kwa miaka mingi, nimesimamia wanafunzi wa kila aina, na nakuambia kwa dhati kwamba sentensi hiyo moja imebeba utafiti kuliko kurasa arobaini za mada uliyopewa. Msimamizi wako aliona hadithi, akadhani umekimbia kazi. Kumbe kazi umekwisha kuianza.

Tuitazame kwanza mada aliyokupa. "Umuhimu wa Kiswahili katika Afrika Mashariki" ni jibu linalojulikana kabla hujashika kalamu. Utaandika kwamba Kiswahili kinaunganisha watu, kinakuza biashara, ni lugha ya Jumuiya. Utanukuu vitabu vilevile walivyonukuu waliokutangulia, na ukimaliza hutakuwa umejua lolote ambalo hukulijua ulipoanza. Mada ya utafiti ni lazima iwe na kitu kinachokusumbua, kitu ambacho wewe mwenyewe huna jibu lake. Wewe unacho, na kinakaa nawe nyumba moja.

Kwa nini mtu aielewe lugha maisha yake yote asiijibu? Inatubidi tusimame kidogo kwenye historia, maana bila hiyo hadithi yako itabaki kuwa ya bibi mkaidi, na tasnifu yako itabaki kuwa ya takwimu za shule.

Kiswahili kilifika Buganda na misafara ya biashara kutoka pwani katika karne ya 19. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana William Gowers alitaka kiwe lugha ya elimu na utawala nchini, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa akapinga kwa maandishi, akihofia nafasi ya Luganda. Kiswahili hakikufa kwa hilo, ila mlango wake mkuu ukawa kambi: jeshi la kikoloni la King's African Rifles, polisi, magereza. Watoto wengi wa vijijini hawakukisikia kwa mwalimu. Walikisikia kwa mtu aliyevaa sare. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ikakitangaza kuwa lugha ya taifa, na tangazo hilo likazidi kukifunga pamoja na bunduki. Kisha vikaja vita vya msituni vya 1981 hadi 1986, ambavyo Luweero ndiko vilikowaka zaidi. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yakakifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tarehe hizi utazikuta katika tasnifu nyingi za Kiswahili nchini. Usichokikuta ni yale yaliyotokea masikioni mwa watu kama jajja yako kati ya tangazo moja na jingine.

Na masikio yana kumbukumbu. Chukua maneno matatu tu ya Kiswahili ambayo Mganda wa umri wake anayajua hata kama hajui mengine. La kwanza ni magendo. Katika kamusi ni biashara ya kupitisha bidhaa kwa siri. Lakini Uganda ya miaka ya 1970, baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 na sukari, chumvi na sabuni kuadimika madukani, magendo likawa jina la namna nzima ya kuishi. La pili ni mafuta mingi, yaani wale waliotajirika ghafla katika miaka hiyo, wengi wao kwa kugawiwa maduka yaliyoachwa. Mwalimu wa sarufi atataka kuandika "mafuta mengi". Mkatalie. Mafuta mengi ni mafuta ya kupikia. Mafuta mingi ni tabaka la watu, na ule upatanisho uliovunjika ndio unaokuambia neno lilizaliwa wapi na kinywani mwa nani. La tatu ni panda gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 askari waliuzunguka mtaa, wakawakusanya watu, wakawapakia kwenye malori. Amri ile ya maneno mawili ikageuka kuwa jina la msako wenyewe, na wazee wa Kampala hadi leo husema "wakati wa panda gari" kama wanavyotaja wakati wa njaa.

Mtu aliyejifunza lugha kwa amri hizo ana haki ya kutoijibu. Hilo ni wazo langu, si matokeo ya utafiti, na hapo ndipo wewe unapoingia. Nenda ukajue.

Ningekuwa msimamizi wako ningekwambia uandike hivi: "Misemo ya Kiswahili katika kumbukumbu za wazee wasemao Luganda: magendo, mafuta mingi na panda gari." Chagua parokia moja tu, ya kiutawala si ya kanisa, mahali unapoweza kwenda na kurudi kwa nauli unayoimudu. Tafuta wazee kumi waliozaliwa kabla ya 1960, wanawake na wanaume. Kumi wanatosha kabisa kwa shahada ya kwanza, mradi uwasikilize vizuri. Nimeona wanafunzi wakisambaza hojaji mia moja na kurudi na mia moja ya "ndiyo" na "hapana", na hakuna hata mmoja wa waliojibu ambaye ungemtambua kama binadamu.

Usiwaulize, "Je, unakipenda Kiswahili?" Swali la namna hiyo huvuta jibu la adabu. Mzee atakuangalia, ataona mwanafunzi wa Kiswahili, atakuambia anakipenda sana. Uliza mambo yenye mahali na mtu. Neno panda gari ulilisikia wapi mara ya kwanza? Ni nani alilisema? Ulikuwa umebeba nini? Siku hizi ukilisikia redioni, akili inakwenda wapi? Uliza kwa Luganda, wajibu kwa Luganda, na pale Kiswahili kitakapochomoza katikati ya Luganda, hapo ndipo penye dhahabu yako: andika neno lilivyotamkwa, sauti kwa sauti, hata kama limekosewa. Hasa kama limekosewa.

Ukirekodi kwa simu, jiandae kwa kazi ya kunukuu. Saa moja ya sauti hula saa tano au sita za kuandika, na mazungumzo yaliyochanganya ndimi hula zaidi. Wanafunzi wengi hawaihesabu kazi hii katika ratiba, na wengi hapo ndipo wanapokwama. Weka Luganda kwanza, tafsiri ya Kiswahili chini yake, na usiitupe Luganda hata kama chuo hakiidai. Tafsiri yako ya leo utaikosoa mwenyewe baada ya miaka mitano, na utahitaji kurudi kwenye maneno yenyewe.

Kabla ya yote hayo kuna milango ya kubisha. Barua ya utambulisho kutoka idarani uwe nayo, umpelekee mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kabla hujakaa kwenye mkeka wa mtu yeyote. Muulize msimamizi mapema kama kazi yako inahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti. Unagusa kumbukumbu za vita, na mimi ningependa uipate hata kama hawakulazimishi. Kila mzee aelezwe kwa lugha yake unatafuta nini, sauti itakaa wapi, na kwamba anaweza kusema "basi" wakati wowote. Akisema basi, zima simu. Akilia, zima simu kabla hajasema. Hakuna tasnifu yenye thamani ya kumrudisha mtu mahali alipotoka kwa shida.

Lakini kuzima simu si kufunga macho. Hapa ndipo naona mwandishi wa hadithi anamshinda mtafiti asiyeandika. Katika hadithi yako, kwa jinsi ulivyonieleza, jajja "atanyamaza". Mtafiti wa hojaji angeandika "hakujibu" akaenda kwenye swali linalofuata. Wewe umeona kwamba kunyamaza kule ni kauli. Basi kwenye daftari la uwanjani andika kila ukimya: ulikuja baada ya neno gani, mikono ilikuwa inafanya nini, nani mwingine alikuwa chumbani. Kama mzee alikuwa akimenya matooke na kisu kikasimama, andika kwamba kisu kilisimama. Hiyo ni data. Umejifunza kuiona kwa kuandika hadithi, na hakuna kozi ya mbinu za utafiti ingekufundisha upesi hivyo.

Nisikufanye ufikiri nimeibuni njia hii mimi. Okot p'Bitek alitoka Gulu na nyimbo za Waacholi kichwani. Mwaka 1953 alikuwa amekwisha kuchapisha riwaya kwa Kiacholi, Lak Tar. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa Oxford, aliandika tasnifu juu ya fasihi simulizi ya Waacholi na Walango. Mwaka 1966 ikatoka Song of Lawino, utenzi wa mwanamke anayemlilia mumewe aliyekimbilia mambo ya Wazungu. Mwaka 1974 akatoa Horn of My Love, mkusanyo wa nyimbo zenyewe za Kiacholi pamoja na tafsiri zake. Itazame hesabu hiyo polepole: chemchemi moja, na ndani yake zimetoka tasnifu, ushairi na mkusanyo. Hakuna aliyemwambia Lawino si elimu, au kama yupo, hatumkumbuki. Karibu nasi zaidi yuko Susan Kiguli wa Makerere, mshairi wa The African Saga ya mwaka 1998, ambaye utafiti wake wa uzamivu ulihusu ushairi simulizi na nyimbo za watu wa Afrika Kusini na Uganda baada ya miaka ya machafuko. Anayeandika mashairi hujua mahali pa kusikiliza wimbo.

Na Pio Zirimu, mhadhiri wa Makerere, ndiye aliyetutafutia neno moja la Kiingereza la kuita fasihi simulizi, yaani "orature", kwa sababu alichoka kuona masimulizi ya wazee yanaitwa fasihi kwa kuazimwa jina la maandishi. Msimamizi wako analijua jina la Zirimu. Mtaje kwa heshima katika sura ya pili.

Sasa nikuonye, maana kusema hadithi na tasnifu ni ndugu si kusema ni mtu mmoja. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia, msimulizi hodari kweli, aliwahi kuunganisha maneno ya wazee wawili kuwa mzee mmoja kwa sababu "yalisomeka vizuri zaidi". Katika hadithi hilo ni ufundi. Katika tasnifu ni uongo, na ilimbidi aiandike sura nzima upya wakati wenzake wanashona majoho. Kwa hiyo kaa na madaftari mawili. La kwanza ni la yaliyotokea: tarehe, mahali, maneno kama yalivyosemwa. La pili ni la yale yanayokujia usiku. Kutoka la kwanza unaweza kuchukua kitu ukapeleka la pili, ukikibadilisha upendavyo, ukimpa jajja wa hadithi majuto ya jirani na vazi la gomesi la shangazi. Kutoka la pili kwenda la kwanza usihamishe hata koma.

Hali kadhalika ufafanuzi. Tasnifu inaeleza, hadithi inaonyesha na kuondoka. Ulipoandika, kama ulivyoniambia, kwamba jajja ananyamaza, natumaini hukuongeza sentensi ya kumweleza msomaji kwamba ni kwa sababu ya vita. Kama uliongeza, ifute leo. Maelezo yote uyapeleke kwenye tasnifu, yana nafasi yake huko. Hili ndilo jambo ambalo wanaoandika vyote viwili hulipata bure: kila kazi inaipunguzia nyenzake mzigo usiokuwa wake.

Kuhusu maneno ya Luganda, mwenzako ana nia njema lakini usimsikilize. Kipimo changu ni kimoja: neno likiwa na mwenzake wa Kiswahili anayebeba mzigo uleule, tumia la Kiswahili. Likiwa halina, liache lilivyo, bila mabano na bila kamusi chini ya ukurasa. "Jajja" si "bibi" tu. Anayesema jajja amekwisha kumwambia msomaji yuko nyumba gani na moto gani wa jikoni. "Kaveera" kila mtu mpakani Busia analielewa kuliko "mfuko wa plastiki". Lakini kama umeandika "omwana" pale ambapo "mtoto" lingetosha, ni pambo tu. Liondoe.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni Kiswahili chako chenyewe. Waandishi vijana wa Uganda, kwa kuogopa kusahihishwa na Watanzania, humpa kila mhusika Kiswahili cha mtangazaji wa redio. Hadithi yako haikosi kizuizi cha barabarani na askari. Je, askari wako anasema, "Unatoka wapi, mama?" Yule aliyesimama pale asingesema hivyo. Angesema, "We mama, natoka wapi? Leta kipande." Kiswahili cha kambi kina sarufi yake, kifupi, hakibembelezi, na jajja yako alikisikia kikiwa hivyohivyo. Ukikisafisha, msomaji hataelewa kamwe kwa nini aliamua kukinyamazia. Msimulizi wako naye azungumze Kiswahili sanifu kilichonyooka, kizuri, ili msomaji asikie umbali uliopo kati ya Kiswahili cha mjukuu na kile cha askari. Umbali huo ndio hadithi. Nafikiri hata kichwa chake kimo humo.

Na tafadhali, usiandike kwa Kiingereza kwanza kisha ukatafsiri, wala usiipe programu ya simu ikufanyie. Najua wanafunzi wengi wanafanya hivyo, na najua ni kwa nini: shule zetu zimetufundisha kufikiri mambo mazito kwa Kiingereza. Lakini sentensi iliyofikiriwa kwingine ikavikwa kanzu hutambulika kuanzia mlangoni. Bora uandike polepole, kurasa mbili kwa juma.

Sasa msimamizi. Usigombane naye, na usimpelekee makala yangu. Mpelekee ukurasa mmoja wenye kichwa cha mada, swali moja kuu, parokia utakayokwenda, idadi ya wazee, maswali manne, na majina ya maandishi matano uliyokwisha kusoma. Katika hayo matano kiwemo kitabu cha Ali Mazrui na Alamin Mazrui cha mwaka 1995 kuhusu Kiswahili, dola na jamii. Ali Mazrui alifundisha Makerere kwa miaka kumi, mpaka 1973, na Uganda aliijua. Usitaje neno "hadithi" siku hiyo. Msimamizi anayeona swali lililokatwa vizuri huwa hana sababu ya kulikataa, na wengi hufurahi kwa kuwa wamechoka kusoma umuhimu wa Kiswahili. Pia isome mwongozo wa idara yako kutoka mwanzo hadi mwisho. Vipo vyuo vingi duniani vinavyomruhusu mwanafunzi wa fasihi kuwasilisha kazi ya kubuni pamoja na insha ya uhakiki. Ukikuta kifungu kama hicho kwenu, umepata njia ya pili. Usipokikuta, tasnifu iende peke yake na hadithi iende peke yake.

Umeuliza pia nani atasoma. Swali hilo linaniuma, kwa sababu nimelisikia kwa vijana tangu nianze kufundisha, na tangu hapo wasomaji wameongezeka na waandishi hawajaongezeka. Kwenu wewe mwenyewe ni Busia! Fikiria wachuuzi na madereva wa malori kutoka huko hadi Malaba. Fikiria familia za Wakongo walioko katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya nyumbani na ambao watoto wao wanasoma shule zetu. Wako watu wa Arua, Bombo na Kasese. Ongeza sasa wanafunzi wa sekondari ambao mtaala mpya wa mwaka 2020 umewaweka mbele ya Kiswahili, na hadithi wanazopewa kusoma nyingi zimetoka Kenya na Tanzania. Wanasoma juu ya Dar es Salaam na Mombasa. Mtoto wa Luweero anayefungua kitabu cha Kiswahili na kumkuta jajja wa Luweero ndani yake, huyo ndiye msomaji wako, na hajapata kitabu bado.

Hapo kale tulikuwa na nafasi. Watu wanakumbuka Makerere kwa mkutano wa Juni 1962, walipokuja Chinua Achebe, Wole Soyinka, Langston Hughes na wengine. Mkutano ule ulikuwa wa waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza, na jina lake lilisema hivyo waziwazi. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo, Tanganyika, bila kuwamo katika hesabu yao. Wanachosahau wengi ni kwamba katika miaka ya 1950 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake kwenye kilima kilekile cha Makerere na kutoa jarida lake huko, kabla haijahama na hatimaye kuwa taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utafiti wa Kiswahili ulikuwa na chumba Kampala. Uandishi wa Kiswahili haukufunguliwa wake.

Lakini jambo la kuiga tunalo kutoka kilima hicho. Mwaka 1958 Idara ya Kiingereza ilianzisha jarida dogo, Penpoint, ambamo wanafunzi walichapisha hadithi na mashairi yao. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia jinsi alivyomsimamisha Jonathan Kariara, aliyekuwa akilihariri, akamwambia amekwisha kuandika hadithi. Hakuwa ameandika hata mstari. Kariara alipoitaka, ikambidi akae aiandike, na hadithi hiyo ndiyo leo tunaijua kama "Mugumo". Miaka minne baadaye alikuwa na riwaya iliyochapishwa. Ona kilichomsukuma: alikuwepo mtu wa karibu, mwanafunzi kama yeye, aliyekuwa na kurasa za kujaza na aliyeuliza, "Iko wapi?" Na Penpoint lilipobadilishwa mwaka 1971 lilipewa jina Dhana. Jarida la Kiingereza lililotafuta jina jipya lilikuja kuliazima kwetu.

Anzisheni la kwenu. Wanafunzi wanne, kurasa kumi na sita, zipigwe chapa kwenye vibanda vya Wandegeya na kubanwa kwa pini. Mmoja awe mhariri mwenye roho ngumu. Hadithi mbili, mashairi matatu, na makala moja ya utafiti iliyofupishwa, hata ya mwaka wa pili. Nasisitiza hiyo makala, msiiache. Hadithi na utafiti vikikaa kwenye jalada moja, wanafunzi hawatahitaji kuulizana kipi ni elimu. Jiungeni na CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa Afrika Mashariki, ambacho huandaa makongamano na kukutanisha vyuo vya nchi zetu. Mtasomwa Eldoret na Dodoma kabla hamjasomwa Ntinda hapa Kampala, na si vibaya.

Kwako binafsi, nenda FEMRITE, Kamwokya, kwenye Barabara ya Kira. Chama hicho cha waandishi wanawake kilianzishwa katika miaka ya 1990 na Mary Karooro Okurut na wenzake, na kimezoea kukutanisha waandishi Jumatatu jioni kusomeana kazi. Wengi watasoma Kiingereza. Wewe soma Kiswahili chako, kisha eleza. Hapo wamepita watu kama Monica Arac de Nyeko, aliyeshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Ukifika siku ukawa na mswada mzima, iko tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hupokea miswada ya nathari na ya ushairi. Usiiharakishe. Makala ya tasnifu, baada ya kuhitimu, ifupishe uipeleke Swahili Forum au kwenye majarida ya taasisi ya Kiswahili ya Dar es Salaam, ambayo hupokea makala kwa Kiswahili.

Unapotuma popote, kumbuka sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inakulinda tangu pale hadithi inapoandikwa, huhitaji kusajili kwanza. Usitie saini karatasi inayokunyang'anya haki zote kwa ajili ya kuchapishwa mara moja.

Limebaki moja, na ningependa lifanyike kabla ya yote. Nenda Busia, ukamsomee jajja hadithi hiyo. Mtafsirie kwa Luganda unapofika mahali pagumu, ila yale maneno ya askari msomee kama yalivyo, polepole, huku ukimtazama. Akisema jina la kijiji litoke, litoe. Akisema yule askari hakuwa mmoja, walikuwa watatu, na mmoja alikuwa kijana aliyempa maji, chukua daftari la kwanza uandike, kisha umuulize kama lile la pili linaruhusiwa.